Wakorofi wa Florence na makochi yao ya sponji

Kuna kiti kinaitwa Mies, cha mwaka 1969, na ukikiona kwenye picha mara ya kwanza utasema hiki hakikaliki. Ni fremu ya chuma ya kromu, ukiitazama kwa ubavu ni pembetatu tu, na kwenye mteremko wake wamevuta shiti ya mpira, basi. Hakuna pa kuegemea, hakuna pa kuweka mikono, hata pa kuweka makalio hupaoni, yaani mtu mwenye akili zake anajiuliza nikae wapi hapa si nitaserereka mpaka sakafuni. Mbele yake kuna kistuli cha miguu chenye ngozi ya manyoya. Sasa ukijikaza ukakaa, mpira unabonyea, unakupokea mwili wote, na kumbe ni kiti kabisa tena cha starehe.

Jina ni la Ludwig Mies van der Rohe, mkurugenzi wa mwisho wa shule ya ubunifu ya Bauhaus mpaka ilipofungwa Ujerumani mwaka 1933, mzee wa vioo, chuma na mistari iliyonyooka. Viti vyake vya kromu na ngozi vilikuwa vimeshakuwa alama ya ofisi ya mkurugenzi yeyote anayetaka aonekane ana ladha. Vijana waliobuni kiti hiki wakachukua kromu ileile na unyoofu uleule wakausukuma mbele mpaka kiti chenyewe kikapotea kwenye kiti. Ni dharau, sikatai, lakini ni dharau ya watu wanaoijua kazi ya mzee nje ndani, ndo maana mpaka leo inachekesha.

Vijana wenyewe walikuwa wanaitwa Archizoom Associati: Andrea Branzi, Gilberto Corretti, Paolo Deganello na Massimo Morozzi, kundi la Florence, Italia, lililoanza 1966, baadaye wakaongezeka Dario na Lucia Bartolini. Mwaka huohuo, mji huohuo, chuo kilekile cha usanifu majengo, likaanza kundi lingine, Superstudio, la Adolfo Natalini na Cristiano Toraldo di Francia. Mi kazi yangu ni kuchora fanicha na kusimamia mafundi hapa Dar, na hawa jamaa nimewasoma miaka mingi sasa, kuna siku nawapenda kuna siku wananiudhi, leo nawaandika kwa yote mawili.

Tuanze na kilichowaudhi wao. Msanifu majengo Le Corbusier aliandika mwaka 1923 kwamba nyumba ni mashine ya kuishi, na modanizimu nzima ikakaa juu ya wazo hilo, ondoa mapambo, kila kitu kiwe na kazi yake, weka mwanga na hewa, tengeneza kiwandani ili wengi wapate. Mi sina ugomvi na nia hiyo, Ulaya ilikuwa imetoka vitani na watu wanakaa kwenye vibanda vya giza. Shida ilikuja baadaye. Kufika miaka ya 60 ile lugha ya mapinduzi ilikuwa imegeuka adabu ya wenye hela, kochi lenye miguu myembamba linalokuamuru ukae wima, taa ya kutazamwa, sebule ya kijivu na nyeupe ambayo mtoto akiingia na chakula kila mtu anashtuka. Sebule hizo tunazijua, hata zisipokuwa za kijivu, ile yenye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma na zulia la kuvukwa kwa kuruka, inayofunguliwa akija mgeni tu, wenye nyumba wote wanajazana jikoni. Kochi linatawala watu.

Halafu Novemba 4, 1966, mto Arno ukapasua kingo zake ukaingia Florence. Matope na mafuta ya kupashia nyumba joto vikaenea kwenye makanisa, maktaba, vyumba vya chini vya makumbusho, wanafunzi wakatoka nchi mbalimbali kuja kuokoa vitabu kimoja kimoja. Mwezi mmoja baadaye, wakati Florence bado inanuka tope, Archizoom na Superstudio wakafungua maonyesho pale Pistoia, mji wa jirani, wakayaita Superarchitettura. Tangazo lao lilikuwa fupi na la kejeli, usanifu wa uzalishaji wa kupitiliza, wa ulaji wa kupitiliza, wa supamaketi, wa Superman, wa petroli ya super. Ndani walijaza maumbo makubwa ya rangi kali, mawimbi, upinde wa mvua, vitu vinavyofanana na matangazo ya biashara kuliko fanicha. Hebu fikiria mji wa Michelangelo umetoka tu kuzama, na watoto wake wenyewe wanakuja na plastiki ya njano na nyekundu.

Na swali la kwanini fanicha, kwanini hawakujenga majengo, jibu lake ni la kawaida sana, hakuna aliyewapa kiwanja. Vyuo vya usanifu Italia vilikuwa vimefurika wanafunzi, vimejaa migomo, na kazi za kujenga zilishikwa na wazee. Kijana aliyemaliza chuo alipata kubuni duka, maonyesho, au disko. Kundi jingine la Florence, 9999, walichukua gereji ya zamani ya kutengeneza injini wakaigeuza disko, Space Electronic, 1969, na mwaka 1971 wakishirikiana na Superstudio wakapanda bustani ya mboga humohumo ndani ya ukumbi. Kochi nalo lilikuwa jengo dogo unaloweza kulikamilisha kabla hujazeeka.

Kitu kingine ni viwanda vyenyewe. Italia ya wakati ule ilikuwa imelewa plastiki, mwaka 1954 pale Milan Giulio Natta aligundua namna ya kutengeneza polipropilini, akapata Nobel 1963, na kampuni za kemikali zilikuwa zinatafuta kwa kuuzia. Halafu watengeneza fanicha wengi walikuwa viwanda vidogo vya familia ambavyo mwenye kiwanda anaweza kuamua leo asubuhi na jioni fundi anakata. Poltronova, karibu na Pistoia, ya Sergio Cammilli, ilikuwa na Ettore Sottsass kama mshauri wa ubunifu, na ndo iliyowapokea wale vijana na michoro yao ya ajabu. Bila Cammilli tungekuwa tunaongelea michoro tu.

Kazi ninayoiona kubwa kuliko zote waliyofanya na Poltronova ni Superonda. Unachukua tofali moja la sponji, hili sponji la polyurethane tunalolalia kwenye magodoro, unalikata kwa mkato mmoja wa wimbi kutoka mwanzo mpaka mwisho, unapata vipande viwili vinavyoingiliana, unavivalisha plastiki ya vinyl ya kung'aa, umemaliza. Hamna fremu, hamna spring, hamna mbao ndani, hamna miguu. Mtu mmoja analibeba. Ukivipandanisha hivi ni kochi, ukivilaza ni kitanda, ukivigeuza ni sijui nini, utajua mwenyewe. Na mimi ninayekaa na mafundi naona kitu ambacho vitabu vya sanaa hawakisemi sana, kwamba ule mkato haubakizi taka, kila kinachotoka upande mmoja ndo umbo la upande wa pili. Hapo ndipo wanafunzi waliwashinda walimu kwa kipimo cha walimu wenyewe, kwamba kitu kiwe na mantiki, kiwe rahisi kutengeneza, kisiwe na cha ziada, na bado hakikuambii ukae vipi.

Baada ya hapo mlango ukafunguka wakaingia wengi. 1967 De Pas, D'Urbino na Lomazzi, pamoja na Carla Scolari, wakaitengenezea kampuni ya fanicha ya Zanotta kiti cha Blow, cha plastiki ya kujaza upepo. 1968 Gatti, Paolini na Teodoro wa Turin wakatoa Sacco, mfuko uliojaa chenga za polistirini, baba wa hizi binibegi zote zilizoko kwenye ofisi za watoto wa teknolojia. Archizoom nao wakatoa kochi la fibaglasi lenye manyoya bandia ya chui wakaliita Safari, ndio, hilihili letu, chui na safari kwenye sebule ya Mtaliano, sijalipenda na sitalipenda. Kampuni ya Gufram wakatoa Pratone 1971, majani marefu ya kijani ya sponji unayojitupa katikati yake kama mdudu. Hiyo naipenda.

Mbunifu Gaetano Pesce nitakaa naye kidogo. Kiti chake cha UP5, 1969, kina umbo la mwili wa mwanamke, matiti na mapaja, na kimefungwa kwa kamba kwenye mpira wa kuwekea miguu, kama mfungwa na pingu yake. Alisema ndo alichokusudia, mwanamke aliyefungwa na dharau za wanaume. Na jinsi kilivyouzwa ilikuwa maajabu, sponji linabanwa kwa kunyonywa hewa mpaka linakuwa bapa, unanunua pakiti, unafika nyumbani unafungua, kiti kinajiumua chenyewe mbele ya macho yako. Mwaka 2019 wakakisimamisha kikubwa cha mita 8 mbele ya kanisa kuu la Milan, kimechomwa mishale kimezungukwa na vichwa vya wanyama, na wanawake wakaja kuandamana, wakisema unasema unatetea mwanamke halafu unamfanya kiti kisicho na kichwa wala mikono kisha unamkalia. Mi niko upande wa waandamanaji. Kama kiti kinazungumzia kifungo, anayekaa yuko upande gani?

Superstudio wao waliamua kwenda kinyume. Wakati wenzao wanamwaga rangi wao wakazifuta zote, wakabaki na mraba. 1969 wakachora Monumento Continuo, jengo moja jeupe lenye gridi, lisilo na mlango wala mwisho, linalopita juu ya jangwa, bahari, linaikumbatia Manhattan, kana kwamba wanasema mnapenda unyoofu na usawa wa dunia nzima, haya chukueni. Archizoom wakajibu na No-Stop City, mji usio na nje, sakafu juu ya sakafu yenye taa na kiyoyozi, mpangilio wa supamaketi au maegesho ya magari, vitanda na friji vimetapakaa kila baada ya hatua chache na watu wanaishi humo bila hata kuwa na fasadi, ule uso wa mbele wa jengo. Walikuwa wanatisha watu makusudi. Nikiingia kwenye mall yoyote kubwa leo, isiyo na dirisha, nusu saa baadaye sijui kama nje ni usiku au mvua inanyesha, nakumbuka kwamba mtu alishaichora hii akidhani anachora jinamizi.

Natalini alifika London 1971 akasema kama ubunifu ni kuwashawishi watu wanunue basi tuukatae, na kama usanifu ni kupanga matabaka tuukatae nao, tunaweza kuishi bila usanifu. Maneno makali. Wakati huohuo gridi yao ya sentimita 3 ilikuwa inachapwa kwenye laminati nyeupe, zile shiti za plastiki za kubandika juu ya mbao, ikawa meza za Quaderna za Zanotta, ambazo mpaka leo ziko dukani na bei yake sio ya mtu anayeishi bila usanifu. Na Natalini mwenyewe baadaye akajenga majengo ya matofali ya heshima kabisa pale Groningen, Uholanzi. Simcheki, watu wanakua, watu wana kodi za kulipa.

Kilele kilikuwa 1972 pale New York, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la MoMA, maonyesho ya Emilio Ambasz kuhusu sura mpya ya nyumba ya Kitaliano. Hapo ndipo mambo yalichanganyika vizuri maana waliolipia ni pamoja na Fiat wa magari na Olivetti wa mashine za ofisi, na waliolipiwa ni vijana wanaosema mfumo wa kina Fiat na Olivetti uanguke. Archizoom walipewa nafasi ya kujenga nyumba ya mfano wakaleta chumba kitupu cha kijivu, ndani sauti ya mtoto wa kike inaelezea nyumba nzuri yenye mwanga na rangi, wewe ujijengee kichwani. Ni jibu zuri kwa swali la nani aamue unaishi vipi. Ila pia ni jibu la mtu ambaye hana tena la kufanya, na kweli miaka miwili baadaye kundi lilikuwa limekufa.

1974 Alessandro Mendini, mhariri wa jarida la usanifu la Casabella, akatengeneza kiti cha mbao kilichopandishwa juu ya ngazi, kisichokalika, akakitoa nje ya ofisi za jarida akakichoma moto, picha ya moto ikawa jalada. Picha ni kali na siku zote inanipa mshituko, fundi alikata mbao zile akaziunga vizuri zichomwe kwa ajili ya jalada. Mendini huyohuyo 1978 akachukua kiti cha kizamani chenye nakshi akakipaka vidoti vya rangi chote, kitambaa kwa mbao, akakiita Proust, kikawa cha matajiri.

Halafu fomaika. Hapa lazima nimsifu Sottsass. Desemba 1980 aliwakusanya vijana nyumbani kwake Milan, santuri ya Bob Dylan inarudia wimbo uleule wenye neno Memphis, wakajiita hivyo, na Septemba 1981 wakafungua maonyesho yao ya kwanza, watu wakajaa mpaka nje barabarani. Sottsass alikuwa ameshazeeka, wa 1917, ameshabuni kompyuta na mashine za kuchapa za Olivetti, amekula chumvi, na kitu alichokileta sebuleni ni laminati ya plastiki, fomaika ya kaunta za baa na meza za migahawa ya mitaani, ile ambayo mwenye nyumba anaificha jikoni. Kiwanda cha Abet Laminati wakamchapia ruwaza zake, ikiwemo ile ya Bacterio ya vijiminyoo vyeusi. Angalia shelfu yake ya Carlton, upana wake karibu mita 2, imesimama katikati ya chumba mikono imetandazwa kama sanamu ya mungu fulani, mbao za pembeni zimeinama kiasi kwamba vitabu navyo vinalala. Kila mtu akiiona anauliza kwanini isinyooke. Nathalie du Pasquier, aliyekuwa amezunguka Afrika Magharibi na Gabon kabla hajafika Milan, akaleta vitambaa vilivyosongamana ruwaza mpaka pumzi haipiti, kimoja akakiita Gabon, na macho yaliyozoea vitenge hayahitaji maelezo.

Ila ndani ya hiyo Carlton ni mbao bandia tu zilizofunikwa fomaika, na bei yake toka siku ya kwanza ilikuwa ya makumbusho. Mbunifu wa mavazi Karl Lagerfeld alijaza fanicha za Memphis nyumba nzima pale Monte Carlo akaja kuziuza mnadani 1991. Mwaka 2016 vitu vya mwanamuziki David Bowie vilipouzwa London, mashine ya kuchapa ya Valentine, ile nyekundu ambayo Sottsass aliibuni na Perry King 1969 akitaka iwe ya bei ya chini kabisa, plastiki ya bei poa, bila hata herufi ndogo, kitu Olivetti walikikataa, ilikadiriwa pauni 300 hadi 500 ikaondoka kwa 45,000. Kitu cha kubebwa kila siku kimewekwa kwenye boksi la kioo. Na Superonda ya kugeuzwa unavyotaka ukiikuta makumbusho imezungushiwa kamba, mlinzi anakutazama.

Ndo maana ninayemrudia mimi ni mbunifu Enzo Mari, ambaye hata kuitwa mmoja wao asingependa, alikuwa Mkomunisti mkali, anagomba na kila mtu, New York 1972 alikataa kutengeneza kitu akapeleka maandishi. 1974 akatoa michoro ya meza, viti, vitanda na makabati ya mbao za kawaida za paini, zana ni msumeno, nyundo na misumari, ukimtumia hela ya stempu anakutumia kijitabu bure. Aliomba watu wabadilishe wanavyotaka wamtumie picha. Aliwakatalia watu wa aina mbili tu, viwanda na wafanyabiashara. Miaka ya 2010 huko Berlin vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi waliruhusiwa na Mari mwenyewe kuzitengeneza na kuziuza. Alifariki 2020, nyaraka zake ameziachia jiji la Milan kwa sharti zisifunguliwe mpaka miaka 40 ipite, ukorofi wake haukuisha.

Nilipeleka mchoro wa meza yake kwa fundi wangu kule Keko, mtaa wa mafundi hapa Dar, tukanunua paini za Mafinga, inchi moja kwa nne na moja kwa sita. Fundi akageuza karatasi huku na huku akasema, "Dada, hii ni meza au jukwaa la mafundi rangi?" Nikamwambia leo napiga misumari mwenyewe, wewe niangalie. Akavuta kigoda akaniangalia kweli. Nilipofika mwisho wa ubao akanizuia, akachukua msumari, akaugonga ncha yake juu ya chuma mpaka ukafubaa kidogo, akanirudishia, "Sasa piga. Wenye ncha unachana nyuzi ubao unapasuka, huu unajikatia njia." Kwenye kijitabu cha Mari hiyo haimo.

Ile mbao ya mshazari chini ya meza akataka kuijua, nikamwambia itoe uone, akaitikisa meza ikayumba, akairudisha, akasema huyo mzee anajua. Kilichomshinda ni vichwa vya misumari kuonekana na ubao kutopigwa randa, hilo aliona ni aibu kwake kwa sababu meza imesimama mbele ya banda lake na watu wanapita, kwahiyo nilipoondoka akapiga randa, akapaka vanishi, na juu akabandika fomaika nyeupe.

Kuna mama alipita akaipenda akaacha nusu ya hela atengenezewe yake. Nikamweleza fundi lile sharti, kwamba mwenye mchoro alikataa viwanda na wafanyabiashara, na hapohapo naona kabisa Mari hakumfikiria mtu kama huyu, maana kwake kulikuwa na kiwanda upande mmoja na mtu na nyundo yake nyumbani upande wa pili, katikati hamna mtu, na katikati ndiko tunakonunulia fanicha zetu zote. Fundi akaniuliza, "Mimi nina kiwanda, dada?" Nikamwambia huna. "Haya." Jioni meza ilikuwa kwenye status yake ya WhatsApp, na bei, na maelewano yapo.